Watu wa kituo wanawataka watoto wa marehemu mdogo wangu. Niwape?

Swali: Naishi Pasua, Moshi. Mdogo wangu alifariki mwaka jana, akaacha watoto watatu: wa kiume ana miaka 13, wa kike miaka 8, na kitinda mimba ana miaka miwili na nusu. Nimewachukua wote, na mimi nina wawili wangu. Tumepanga vyumba viwili. Nauza ndizi na mboga soko la Mbuyuni, siku nyingine narudi na mtaji tu. Yule mkubwa ananisaidia sokoni. Baba yao alikwenda Mererani kwenye madini, hajaonekana tena. Mwezi uliopita mama mmoja ninayesali naye aliniletea watu wa kituo cha watoto cha Arusha. Wanawataka hao wawili wadogo, wasome shule ya Kiingereza, wapate wafadhili. Majirani wanasema nikikataa nimewaziba watoto bahati. Kaka zangu nao wanasema watoto waende, na kiwanja cha marehemu kule Njoro kiuzwe. Mimi ni mlezi tu. Nifanye nini?

Jibu: Dada yangu, pole sana kwa kuondokewa na mdogo wako. Umejiita mlezi tu. Hapana. Kwa watoto hao wewe ni mama mkubwa, na mtoto aliyebaki na mama mkubwa hajahama kwao. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii miaka ishirini na sita, mingi ikiwa hapa Arusha na huko kwenu Moshi, na jibu langu nalitanguliza ili usisome ukiwa roho juu: usiwatoe. Na usitie saini wala dole gumba kwenye karatasi yoyote waliyokuachia, hata kama wamesema ni ya kuandikisha majina.

Nianze na kitinda mimba, maana kwake sina shaka hata kidogo. Mwaka 2000 watafiti watatu wa Marekani, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, walianza kuwafuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa katika vituo vya jiji la Bucharest, Romania. Wote walikuwa chini ya miaka mitatu. Kwa kura, nusu yao walipelekwa kwenye familia za kambo zilizoandaliwa kwa kazi hiyo, nusu wakabaki katika utaratibu wa siku zote. Vituo vile havikukosa vitanda wala uji. Walichokosa watoto ni mtu wao. Walezi waliingia na kutoka kwa zamu, na wa asubuhi hakujua usiku mtoto alilia nini. Miaka ilipopita, waliopata familia waliwazidi wenzao kwa akili na kwa uwezo wa kushikamana na mtu, na waliopona vizuri zaidi ni waliotolewa vituoni kabla ya kutimiza miaka miwili.

Wako ameshaipita miwili. Ameshampoteza mama mmoja katika umri ambao hata neno la kuulizia hakuwa nalo. Sasa amekushika wewe. Akipandishwa gari kwenda Arusha, kwake huo ni msiba wa pili.

Ukitaka kujua ninaogopa nini, nikusimulie nilichokiona. Nilikwenda kukagua kituo kimoja nje kidogo ya mji wa Arusha. Ua umefagiliwa, kuta zimechorwa twiga na pundamilia, harufu ya maharage jikoni. Tuliposhuka tu kwenye gari, mtoto wa kama miaka mitatu alikuja mbio akanikumbatia magoti. Mgeni niliyefuatana naye akafuta machozi, akasema watoto hawa wana upendo wa ajabu. Nikaendelea kumwangalia yule mtoto. Aliniachia, akamkumbatia dereva. Akamwachia dereva, akamkumbatia fundi bomba aliyekuwa anapita na spana mkononi. Hakumtazama usoni hata mmoja wetu. Mtoto wa umri ule mwenye mtu wake, akiona wageni, hujificha nyuma ya kanga ya mama na kuchungulia kwa jicho moja. Yule hakuwa na kanga ya kujifichia. Kila mtu mzima kwake alikuwa sawa na mwingine, na hilo si upendo, ni njaa.

Sasa nikuambie na upande wa pili, maana nikikuambia vituo vyote ni vibaya nitakuwa nimekudanganya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, wakiongozwa na Kathryn Whetten, walifanya uchunguzi mkubwa katika nchi tano: Kambodia, Ethiopia, India, Kenya na Tanzania. Kwa Tanzania walikuja huku huku Kilimanjaro. Mwaka 2009 walitoa matokeo ya watoto 1,357 waliokuwa vituoni na 1,480 waliokuwa majumbani, wote wa miaka 6 hadi 12, yatima au walioachwa. Wale wa vituoni hawakuonekana kuwa na hali mbaya kuliko wa majumbani, si kwa afya, si kwa akili, si kwa hisia. Mwenye kituo akikuwekea utafiti huo mezani hatakuwa amesema uongo.

Ila mimi nausoma hivi. Wa kwako wa miaka miwili na nusu hayumo ndani yake kabisa. Waliopimwa walianzia miaka sita. Halafu tofauti kubwa hazikuwa kati ya kituo na nyumba. Zilikuwa kati ya kituo hiki na kituo kile, kati ya nyumba hii na nyumba ile. Wako walezi wa vituoni wenye moyo wa mama, na wako ndugu wa damu wanaomgeuza yatima kijakazi. Nimewakuta wote katika kazi yangu. Na la tatu ndilo linalonikaa kichwani hadi leo: zile nyumba zilizolinganishwa na vituo ni nyumba za kawaida za mitaa yetu, nyingi zimejaa dhiki kama yako. Yaani nyumba ya dhiki ilisimama bega kwa bega na kituo chenye wafadhili. Nyumba hiyo ikipewa nusu ya kile kinachopewa kituo, nani atakuwa mbele?

Hapo ndipo penye kiini cha swali lako. Soma tena barua yako: hakuna mahali umesema watoto wamekushinda kuwalea. Umesema mtaji haukui na vyumba ni viwili. Shida uliyonayo ni ya fedha, na shida ya fedha inatafutiwa fedha. Umoja wa Mataifa mwaka 2009 ulipitisha Miongozo ya Malezi Mbadala ya Watoto, na ndani yake limo jambo ambalo ningependa kila mwenyekiti wa mtaa alikariri: umaskini peke yake hauwezi kuwa sababu ya kumtoa mtoto kwa familia yake. Miongozo hiyo hiyo inataka ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe. Wewe umeombwa wawili, wa tatu abaki. Watoto waliokwisha kumzika mama pamoja wasigawanywe kama mafungu ya nyanya.

Mwaka huo huo shirika la Save the Children lilitoa ripoti kwamba walau wanne kati ya kila watoto watano walioko vituoni duniani wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Hata wako wana baba. Nina hakika kwenye faili la kituo wataandikwa yatima, na mfadhili wa mbali ataamini. Arusha yetu inapokea watalii wengi, na miongoni mwao wapo wenye moyo mwema wanaotamani kuwaona watoto kabla ya kupanda ndege. Huruma hiyo imezaa vituo vya kweli, na imezaa vingine ambavyo mtoto ndiye mtaji wake. Mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio linaloigusa hatari hiyo moja kwa moja. Rwanda ilianza mapema zaidi: mwaka 2012 serikali yake iliamua kuwatoa watoto vituoni na kuwarudisha katika familia.

Kwa hiyo watu wale wakirudi, wakaribishe chai, uwaulize swali moja: "Fedha mtakayotumia kuwalea huko, mnaweza kunisaidia nayo wakiwa hapa kwangu?" Kaa kimya, subiri. Vipo vituo vinavyofanya hivyo, vinalipa sare, daftari, hata kumwongezea mama mtaji, na mtoto analala kwao. Kinachomtaka mtoto kwa faida ya mtoto kitavuta kiti mzungumze. Kikijibu kwamba haiwezekani kwa sababu mfadhili lazima awakute watoto kituoni, basi umeshajua kilichowaleta Pasua.

Tena waliuanza mchakato mwishoni. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na Kanuni za Makao ya Watoto za mwaka 2012, kituo lazima kiwe na leseni ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii, na mtoto haingii humo kwa makubaliano ya sebuleni. Lazima apite kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, achunguze hali ya familia, aangalie kama yupo ndugu wa kumlea. Na mtoto mwenyewe ana haki ya kusikilizwa. Huyo wa miaka minane, kuna aliyemuuliza? Msije mkampangia safari kama mzigo. Najua shule ya Kiingereza inavutia, na simlaumu mzazi anayeitamani. Lakini nimewahi kumrudisha kijana kwa bibi yake Machame baada ya miaka sita ya kituo. Kiingereza alikijua vizuri. Kimachame kilikuwa kimeisha kabisa, na bibi Kiswahili chake kilikuwa cha salamu na bei ya maziwa. Walikaa jikoni wakitazamana, bibi akawa anamsogezea ndizi tu, kila akimaliza moja anamsogezea nyingine.

Tuje kwenye fedha zenyewe. Nenda ofisi ya kata, mwone afisa ustawi wa jamii. Kama kata haina, nenda Manispaa. Mweleze yote, na mtaje baba wa watoto kwa jina lake kamili na mahali alipoonekana mara ya mwisho. Mererani si mwisho wa dunia. Ustawi wanaweza kuandikiana na wenzao wa Simanjiro, na baba akipatikana anadaiwa matunzo kisheria, apende asipende. Nimeona wanaume wakishangaa kuitwa ofisini baada ya miaka minne ya ukimya.

Muulize mwenyekiti wa mtaa kuhusu TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Kaya za Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini hutambuliwa kwenye mkutano wa hadhara, kwa hiyo jina haliingii siku unayoomba. Lakini mkutano ukiitishwa na wewe uko sokoni, hakuna atakayekusemea. Wapo wanaodharau fedha hizo kwa udogo wake. Mimi sizidharau, na ninayo sababu. Mpango ulipojaribiwa mwaka 2010 katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, watafiti walilinganisha vijiji vilivyopata na ambavyo havijapata. Walikuta kaya zilizopata zimejiunga zaidi na bima ya afya, na zimewanunulia watoto viatu. Viatu, dada yangu. Hakuna aliyewaagiza wanunue viatu. Mama aliyeshika shilingi ya uhakika alitazama chini, akaona miguu ya mtoto.

Kuhusu mtaji wako, ulizia mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake, na haina riba. Lazima muwe kikundi kilichosajiliwa, na wenzako wa meza za jirani Mbuyuni wanatosha kuanzia. Ada ya shule ya msingi ya serikali hakuna, ila najua sare, michango na chakula cha mchana vinakukaba. Barua ya ustawi kwa mwalimu mkuu huwa inalegeza mengi. Iombe.

Sasa kiwanja. Nimeisoma sentensi hiyo ya kaka zako mara kadhaa, na nitasema bila kuzunguka: watoto kwenda na kiwanja kuuzwa si mambo mawili yaliyokutana kwa bahati. Watoto wakishakuwa Arusha, Njoro hatabaki mtu wa kuulizia. Sheria ya Mtoto inakataza mtu kumnyima mtoto mali iliyoachwa na mzazi wake. Fanya hivi haraka: tafuta cheti cha kifo cha mdogo wako, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto kama havipo, kisha itisheni kikao cha ukoo kipendekeze msimamizi wa mirathi, muhtasari uandikwe na wote wasaini. Peleka Mahakama ya Mwanzo. Unaweza kupendekezwa wewe, mwanamke hazuiwi. Hati au karatasi za mauziano za kiwanja kile zisilale mikononi mwa mtu anayetaka kuuza. Pia mweleze mwenyekiti wa mtaa wa Njoro kwa maandishi kwamba mirathi haijafunguliwa, asigonge muhuri wa mauzo. Kaka zako usiwatukane. Wajomba hao watoto watawahitaji. Waambie tu kwamba kiwanja kina wenyewe, na wenyewe bado wanasoma.

Nimemwacha mkubwa hadi mwisho. Wewe hukuniuliza habari zake. Watu wa kituo hawakumtaka, majirani hawakumtaja, na wewe umempa maneno mawili: "ananisaidia sokoni". Huyo ndiye aliyeninyima usingizi nilipomaliza kusoma barua yako.

Karibu vijana wote niliowahi kuzungumza nao stendi ya Moshi na soko la Kilombero, Arusha, hawakutoroka nyumbani siku moja. Walitoka kidogo kidogo. Kwanza anamsaidia mama Jumamosi. Kisha mtu anampa gunia abebe, anapata mia tano, anagundua kwamba mikono yake inaingiza fedha. Anaanza kukosa shule siku ya gulio. Nyumbani anaona sahani hazitoshi, anajitoa mwenyewe, anasema ameshakula. Halafu usiku mmoja analala kwenye vibanda na wenzake, na asubuhi hakuna aliyemgombeza kwa sababu kila mtu amechoka. Mvulana wa miaka 13 aliyefiwa na mama, asiye na baba, akisikia wadogo zake wanaombwa na yeye haombwi, anahesabu mwenyewe: mimi ni mzigo, au mimi ni mfanyakazi.

Kukusaidia kupanga mafungu jioni hakuna ubaya, na mimi nilikua hivyo. Kubeba mizigo ya watu kwa malipo ni jambo jingine; sheria inaweka umri wa chini wa ajira kuwa miaka 14, na hapo ni kazi nyepesi tu. Nenda shuleni kwake wiki hii, usisubiri kuitwa. Omba daftari la mahudhurio, uone amekosa siku ngapi na ni siku zipi. Zikifanana na siku za soko, umeshajua.

Na zungumza naye habari za mama yake. Huko kwenu Moshi, na Bungoma nchini Kenya, watafiti wakiongozwa na Shannon Dorsey wa Chuo Kikuu cha Washington waliwakusanya watoto 640 waliofiwa na mzazi, wenye miaka 7 hadi 13. Nusu yao walipitia mikutano 12 ya vikundi, ikiongozwa na watu wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo, wasio madaktari. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yalionyesha nafuu mara baada ya mikutano katika sehemu tatu kati ya nne, maana kila nchi ilikuwa na sehemu ya mjini na ya vijijini. Kwa Tanzania, mwaka ulipopita, tofauti na wenzao ilikuwa imefifia. Sikupi kama dawa. Nakupa kwa sababu ya kile watoto wale walichoruhusiwa kufanya: kumtaja aliyekufa, kusema walivyosikia siku ile, kulia mbele ya wenzao bila kuambiwa wanyamaze. Sisi huwaambia watoto wa kiume wajikaze. Tunawatuma kuchota maji ya msiba, wanatumika siku tatu, matanga yakianuliwa hakuna aliyewauliza kitu.

Una picha ya mdogo wako? Hata ya simu. Usiku mmoja wadogo wakishalala, mwonyeshe. Msimulie jinsi mama yake alivyokuwa mtoto, kisa kimoja tu ambacho yeye hakijui, mlivyogombania kitanda au alivyoanguka mtoni. Kisha mwambie kwa mdomo wako kwamba umekataa wadogo zake wasichukuliwe, na kwamba kwenye nyumba ile yeye ni mtoto kama wao. Asipojibu, usimlazimishe. Atakuwa amesikia.

Afisa ustawi akikuzungusha zaidi ya mara mbili, piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, haina malipo, eleza kwamba kuna watu wanataka kuwachukua watoto bila kupitia ustawi. Na watu wa kituo wakishakujibu lile swali, niandikie walichosema, neno kwa neno.